Marekani ambayo haionyeshwi kwenye sinema: uzi wa wapiga picha walioizunguka kwa barabara

Tairi18 (mleta uzi)

Wakuu, heshima zenu.

Mimi huku naendesha trela. Ndugu zangu wa Tanga wanataka niwatumie Times Square na lile daraja la San Francisco. Nikiwatumia mji wa New Mexico uliobakiwa na kituo cha mafuta kilichofungwa, kanisa na duka la bei chee, jibu ni moja: "Acha utani, hapo Kongwa, Dodoma."

Uzi huu ni wa watu waliotoka makusudi kwenda kupiga picha za Marekani hiyo ya Kongwa. Nitaandika kwa vipande. Sheria ya huku hainiruhusu kushika usukani zaidi ya saa 11 kabla ya kupumzika saa 10, kwa hiyo muda wa kuandika upo, ila umekatikakatika.

Tuanze na Mswisi. Robert Frank alizaliwa Zurich mwaka 1924, akaingia Marekani 1947. Mwaka 1955 akapata ruzuku ya Guggenheim, mfuko unaosaidia wasanii na wasomi, akatafuta gari la Ford lililokwishatumika, akachukua kamera yake ndogo ya Leica akaingia barabarani. Safari zake zilichukua mwaka 1955 na 1956, na kuna kipande alisafiri na mkewe na watoto wao wawili. Alipomaliza alikuwa na mikanda 767 ya filamu, fremu zaidi ya 27,000. Kitabu chake, *The Americans*, kina picha 83. Yaani katika kila fremu mia tatu na ushee, moja tu ndiyo iliyopona.

Novemba 1955 kamera ilimponza. Polisi wa Arkansas walimsimamisha karibu na mji wa McGehee. Kosa? Gari lina namba za New York, limejaa kamera, dereva hajanyoa, na Kiingereza chake kina lafudhi ya kigeni. Walimweka kwa saa 12 hivi, wakamhoji kama ni mkomunisti, wakamchukua alama za vidole. Hata majina ya watoto wake yaliwatia wasiwasi. Sisi tunaosimamishwa huku tukaulizwa "umetoka wapi hasa?" tunaijua sauti hiyo.

Mwezi huohuo alikuwa New Orleans, na huko ndiko ilikopatikana picha ya tramu. Itafuteni muitazame taratibu. Tramu imepita ubavu kwa ubavu na kamera, madirisha matano. La kwanza lina mzungu ambaye kioo kimemfuta uso. La pili lina mama wa kizungu anayekutazama kama umemkanyaga mguu. La katikati, watoto wawili wa kizungu waliovalishwa vizuri. La nne, mwanamume mweusi, mikono imetoka nje ya dirisha, macho ya mtu aliyechoka kuuliza. La tano, mwanamke mweusi anayetazama kwingine kabisa. Wakati huo weusi walilazimishwa na sheria kukaa nyuma. Frank hakuandika maelezo yoyote, madirisha yamejipanga yenyewe. Wiki chache baadaye, tarehe 1 Desemba, Rosa Parks, mwanamke mweusi, akakamatwa kwenye basi kule Montgomery, Alabama, kwa kukataa kumpisha mzungu kiti.

Kitabu kilitoka kwanza Paris, 1958, kwa mchapishaji Robert Delpire. Kilipofika New York mwaka uliofuata, jarida la *Popular Photography* lilikichana: picha hazionekani vizuri, chenga tupu, upeo wa macho umelewa.

Naendelea kesho.

MzeeWaDarubini

Kiti cha mbele nimekaa, na kahawa ya tangawizi ninayo. Shusha vitu mkuu.

StudioKariakoo

Mkuu mimi napiga picha za harusi, nina miaka kwenye kazi hii. Nikimpelekea bibi harusi picha iliyopinda na ina ukungu, anadai hela yake na mama yake anakuja na mwamvuli. Huyu Mswisi akikosea anaitwa msanii? Naomba ufafanuzi, sina nia mbaya.

Tairi18

@StudioKariakoo swali zuri, wala hauko peke yako, ndivyo walivyosema wenye magazeti yao.

Ila bibi harusi anakulipa ili aonekane kama alivyotamani kuwa siku ile. Frank hakulipwa na yule mama wa dirishani. Ile ya tramu, alikuwa anapiga gwaride mtaani, akageuka, tramu ikawa inapita. Angesimama kurekebisha mwanga, ingekuwa imeshafika kituo cha mbele. Halafu huwezi kusema alikuwa hajui kunyoosha picha, kwa sababu mtu huyo amefanya kazi ya picha za mitindo kwenye majarida. Kuinamisha ameinamisha kwa kutaka. Kama unaipenda au huipendi, hilo ni jambo jingine.

BintiKilindini

Salamu kutoka Mombasa. Kaka Tairi, mbona unaanzia 1955? Ile picha ya mama amejishika shavu, watoto wamemfichia nyuso mabegani, si ni ya kitambo zaidi? Hiyo hata kwenye vitabu vya shule tumeiona.

Tairi18

Dada Kilindini umenitangulia, nilikuwa naelekea huko.

Mwaka 1935, katikati ya mdororo mkubwa wa uchumi, serikali ya Rais Roosevelt iliunda idara ya kuwahamisha na kuwasaidia wakulima waliofilisika. Mwaka 1937 ikaitwa Farm Security Administration. Ndani yake kulikuwa na kitengo kidogo cha picha, mkuu wake Roy Stryker. Kazi ya wapiga picha wake ilikuwa kupanda magari, kuzunguka vijijini na kuleta ushahidi kwamba hali ni mbaya, ili walipa kodi na wabunge wakubali pesa zitoke. Kwa hiyo ndiyo, ilikuwa propaganda. Nasema mapema kabla hamjanikamata. Ila ni propaganda iliyotuachia negativu (filamu zinazochapishiwa picha) zipatazo 175,000 za nchi inavyokula, inavyolala na inavyongoja kazi.

Dorothea Lange alikuwa mmoja wao. Mapema mwaka 1936 alikuwa anarudi nyumbani, amechoka, mvua inanyesha, akapita kibao cha kambi ya wachuma njegere huko Nipomo, California. Hakusimama. Kwa maelezo yake mwenyewe alikwenda kama maili 20 hivi akibishana na nafsi yake, halafu akageuza gari. Mimi hapo ndipo ninapomheshimu. Wenzangu wa malori mnajua ugumu wa kugeuza ukiwa umeshaiweka akili nyumbani.

Kambini mazao yalikuwa yameharibiwa na baridi, hakuna cha kuchuma. Akamkuta mama na wanawe chini ya turubai, akapiga fremu chache, akaondoka. Jina hakuuliza.

BintiKilindini

Hakuuliza jina!

Tairi18

Hakuuliza. Jina lilijulikana mwaka 1978, wakati mama huyo ni mzee: Florence Owens Thompson, mzaliwa wa Wacherokee, wenyeji wa asili wa Marekani. Alisema wazi kwamba hakupata hata senti kwenye picha ile. Familia yake pia ilikanusha maelezo ya Lange kwamba walikuwa wameuza matairi ya gari ili wale. Alifariki 1983. Mwaka 1998 posta ya Marekani ikaweka uso wake kwenye stempu ya senti 32.

BintiKilindini

Basi mimi picha hiyo sitaitazama tena kwa jicho lile. Mama wa watu anaishi miaka arobaini na zaidi, sura yake inafundishwa vyuoni, yeye mwenyewe hajulikani ni nani. Mnatuletea hapa kama ushujaa. Mtu wa serikali kapita na gari, kachukua alichotaka, kaenda zake. Tena sisi wa Afrika ndio tuwe wa kwanza kulisema hili, maana tumepigwa picha sana na wapita njia.

StudioKariakoo

Dada nakuelewa, lakini picha ilifanya kazi au haikufanya?

Tairi18

Ilifanya, na hapo ndipo utamu na uchungu vinapokutana. Gazeti la San Francisco lilipochapisha habari, serikali ilipeleka chakula pauni 20,000 pale kambini. Florence na wanawe walikuwa wameshaondoka kutafuta kazi kwingine.

@BintiKilindini sikupingi. Nadhani ugonjwa wa picha za barabarani ndio huo. Mpita njia anaona haraka kile ambacho mwenyeji ameshakizoea, lakini anaondoka haraka vilevile. Ninapopima kazi za watu hawa siulizi picha ni nzuri kiasi gani, nauliza kama mpigaji alirudi, au alikaa.

Ndiyo maana kwangu mimi picha kubwa ya kitengo kile ni ya Gordon Parks, wala haikupigwa safarini. Parks ni mweusi, mzaliwa wa Fort Scott, Kansas, 1912. Alifika Washington mwaka 1942. Stryker akamtuma kwanza azunguke mji bila kamera: dukani, sinema, mgahawani. Kote alifukuzwa au alipuuzwa. Akarudi amefura. Stryker akamwambia azungumze na mama anayesafisha ofisi za jengo lao. Jina lake Ella Watson, na jina hilo tunalijua tangu mwanzo kwa sababu Parks aliuliza. Baba yake Ella aliuawa na kundi la wazungu wenye hasira, mumewe alipigwa risasi. Parks akamsimamisha mbele ya bendera kubwa ya Marekani, fagio mkono mmoja, dekio upande mwingine. Gauni lake lina madoa ya duara na kifungo kimoja kimekosekana kwenye mstari.

Stryker alipoiona alishtuka, akahofia wote watafukuzwa kazi. Parks hakuishia kwenye bendera. Alimfuata mama huyo nyumbani na kanisani kwa wiki kadhaa, akampiga na wajukuu, akapiga meza yake ya sala. Bendera ndiyo imekuwa maarufu, lakini angalieni zile nyingine. Kuna moja yuko chumbani na watoto, huku picha ya watu wake waliotangulia ikiwa pembeni. Hiyo hakuna mpita njia angeipata.

MwanaUvira

Jambo bandugu wote. Mimi niko Louisville, Kentucky, huku sisi Wakongomani wenye kusema Kiswahili tuko wengi. Kuna picha ya mji huu nataka niongeze.

Mwanzoni mwa 1937 mto Ohio ulifurika, ukazamisha sehemu kubwa ya Louisville. Margaret Bourke-White alikuja kupigia jarida la *Life*. Akapata foleni ya watu weusi wamesimama na vikapu na ndoo, wanangoja msaada. Nyuma yao ukutani kuna bango kubwa sana: familia ya kizungu ndani ya gari, baba, mama, watoto na mbwa, wote wanacheka. Bango linajisifu kwamba hapa ndipo penye kiwango cha juu kabisa cha maisha duniani. Gari la bango linaonekana kama linataka kuwagonga watu wa foleni.

Watu wengi wakiiona wanasema ni foleni ya wasio na kazi. Hapana, ni mafuriko, mtu anaweza kuwa na kazi yake na nyumba imeingia maji. Mimi nilikwisha kusimama foleni ya chakula kambini mbele sijaletwa huku, kwa hiyo naangalia viatu. Viatu vyao ni vizuri, makoti pia. Hawa ni watu waliokuwa na kwao wiki iliyopita.

MzeeWaDarubini

@MwanaUvira hilo la viatu sikuwahi kuliona, na picha hiyo naijua tangu nasoma Mzumbe. Nimeifungua sasa hivi. Kweli kabisa.

NdegeMjanja

Swali la kizushi: mbona wazururaji hawa wengi ni wazungu? Weusi walikuwa hawapendi kuzurura?

Tairi18

@NdegeMjanja si la kizushi. Weusi walizunguka, lakini barabara haikuwa ileile. Tangu 1936 tarishi mmoja wa Harlem, mtaa wa weusi wa New York, Victor Green, alikuwa anatoa kijitabu kila mwaka cha kuwaonyesha madereva weusi hoteli, vituo vya mafuta na nyumba ambazo zingewapokea. Kiliendelea mpaka katikati ya miaka ya 1960. Kulikuwa na miji ambayo mweusi hakutakiwa aonekane baada ya jua kuzama. Sasa Frank aliwekwa rumande ya muda, akatoka na filamu zake. Mweusi mwenye kamera usiku ule Arkansas, sijui tungekuwa tunazungumza nini leo.

Parks mwenyewe alikwenda Alabama 1956 kwa kazi ya *Life*, akapiga kwa rangi. Rangi inaongeza uchungu. Kuna mama na binti mdogo, nguo za kutokea kanisani, nadhifu kweli, wamesimama chini ya taa nyekundu za mlango wa watu weusi. Tumezoea ubaguzi ukiwa mweusi na mweupe kama jambo la kale. Hapo unaona samawati ya gauni unajua kabisa ilikuwa mchana wa kawaida tu.

Kuhusu rangi niguse haraka. William Eggleston wa Memphis alipotundika picha zake za rangi kwenye jumba la sanaa za kisasa New York mwaka 1976, wakosoaji walizinanga. Mimi Eggleston hanikoleagi sana, watanisamehe mashabiki.

Ninayempenda ni Stephen Shore. Mwaka 1972 alitoka New York na kamera ndogo ya Rollei, akapiga kila kitu: kitanda cha moteli, choo, friji, chakula alichokula. Mwaka uliofuata akarudi na kamera kubwa ya miguu mitatu, ile ya filamu ya inchi 4 kwa 5, ambayo kila fremu ni gharama. Na kwa gharama hiyo alipiga nini? Kanab, Utah, Agosti 1973: sahani ya pankeki, nusu tikiti, glasi ya maziwa. Basi. Nilipoiona mara ya kwanza nilicheka peke yangu, kwa sababu asubuhi ileile nilikuwa nimeketi kwenye meza ya aina hiyohiyo, ile ya mbao ya bandia, na hakuna aliyewahi kuniambia kwamba inafaa kutazamwa.

StudioKariakoo

Kwa hiyo vijana wanaopiga picha chipsi mayai kabla ya kula ni wanafunzi wa Shore. Sawa.

Tairi18

Tofauti ni kwamba Shore hakuwa anamringishia mtu.

Niwape kimoja cha kwangu. Vituo vya malori vina spika. Ukilipia bafu unapewa namba, unakaa unangoja, na sauti ya mashine inatangaza: mteja namba fulani, bafu lako namba fulani liko tayari. Saa tisa usiku utakuta wanaume wazima wamekaa kwenye viti vya plastiki, taulo begani, kila mmoja ameshika karatasi yake. Msomali, Mpunjabi, mzee wa Tennessee, mimi. Hakuna anayezungumza. Pembeni mashine ya kufua inazunguka na jozi moja ya jinzi. Chakula tunachokula nchi nzima kinapita kwenye mikono ya watu hao waliokaa pale, na sinema sijawahi kuiona ikisimama hapo hata dakika mbili.

Halafu kuna maiti za miji. Rais Eisenhower alisaini sheria ya barabara kuu za kuunganisha majimbo Juni 1956, maili 41,000, wakati Frank bado yuko kwenye safari zake. Zile barabara zilikata pembeni ya miji, na mji uliokuwa unaishi kwa wapita njia ukafa. Barabara ya zamani, Njia namba 66, ilianza 1926, ikafutwa rasmi 1985. Mpakani mwa Texas na New Mexico kuna Glenrio. Barabara kuu mpya, I-40, iliupita pembeni miaka ya 1970. Leo ni kuta za moteli, fremu ya kibao na nyasi zimetoboa lami. Unapita kwa kasi ya maili 70, ukipiga chafya umeukosa.

BintiKilindini

Na waliokaa? Ulisema unapima kwa waliokaa.

Tairi18

Jacob Holdt, Mdenishi. Alikuja mwanzoni mwa miaka ya 1970 na dola chache, akazunguka kwa kuomba lifti miaka mitano, akilala kwa yeyote aliyemfungulia mlango, kuanzia vibanda vya wachuma pamba hadi majumba ya matajiri. Pesa za filamu alizipata kwa kuuza utegili, yaani majimaji ya damu yake. Kamera ya bei rahisi. Picha zake nyingine kiufundi ni mbovu, StudioKariakoo atalia, lakini zimepigwa kutoka ndani ya chumba, si kutoka dirisha la gari.

Wa sasa ni Matt Black, mtoto wa Bonde la Kati la California, huko kwa mashamba. Alifunga safari kutoka mji hadi mji akichagua ile ambayo zaidi ya asilimia 20 ya watu ni maskini, na akagundua anaweza kuvuka nchi nzima bila mji mmoja kuwa mbali na mwingine zaidi ya saa mbili kwa gari. Kama dereva nakuambia hilo ni kweli tupu.

Na LaToya Ruby Frazier yeye alianzia nyumbani kwao. Ni wa Braddock, Pennsylvania, mji wa kiwanda cha chuma cha tajiri Carnegie kilichoanza 1875. Kwa miaka mingi amepiga bibi yake, mama yake na yeye mwenyewe, viwanda vikipungua na watu wakiugua. Hospitali ya mji ilifungwa 2010, akaipiga ikibomolewa. Dada, huyu ndiye jibu lako. Aliyepigwa na mpigaji wanatoka jiko moja.

BintiKilindini

Huyo nitamtafuta. Ila bado sijamsamehe Lange.

MzeeWaDarubini

Mtusaidie sisi wa bando dogo, hizi picha zinapatikana wapi bila kununua vitabu?

Tairi18

Za kitengo cha Stryker ziko kwenye tovuti ya maktaba ya bunge la Marekani, Library of Congress. Ni mali ya umma, unashusha bure. Kuna pia tovuti ya Photogrammar, inakupa ramani: unabonyeza wilaya, unaona nani alipita na alipiga nini. Za Frank, Shore na wengine zina wenyewe, utaziona makumbusho mtandaoni lakini chache.

StudioKariakoo

Nimeingia hapo usiku kucha, mke wangu ananung'unika. Mbona nyingine zina duara jeusi katikati? Kuna mkulima duara limemkaa usoni kabisa.

Tairi18

Hizo ndizo alizozikataa Stryker. Miaka ya mwanzo alikuwa anatoboa negativu kwa mashine ya kutobolea karatasi ili isichapishwe tena. Wapiga picha wake walimlalamikia sana mpaka akaacha.

StudioKariakoo

Kumbe hata hao walikuwa na mteja msumbufu. Nimewaelewa sasa.

MwanaUvira

Mkuu Tairi, ukipita Louisville sema tu, tutakupikia bugali na samaki. Nitakuonyesha maji yalifika wapi.

Tairi18

Nina mzigo wa Indianapolis kwenda Nashville wiki ijayo, hiyo ni I-65, napita hapohapo. Shida ni maegesho ya trela. Kama unajua sehemu wasiyofukuza madereva usiku, niandikie pembeni.